Tumbili Niliyempandisha Mimi

Niseme mapema kwamba mimi sikusomea ualimu. Niliishia darasa la saba, nikachuma majani chai miaka mingi upande wa Roret, na magoti yalipokataa mteremko nikapata kazi ya kupika uji katika shule moja ya nasari karibu na Kapsoit. Kwa hiyo nikieleza mambo ya darasani, huenda naeleza vibaya.

Shule ililetewa tableti kumi. Mwalimu wetu, msichana mdogo lakini mwenye bidii, akawagawa watoto wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa nasari, mafungu mawili. Fungu moja linakaa naye mkekani, anawafundisha kwa Kipsigis, lugha ya huku, na Kiingereza kidogo kidogo. Lingine linakaa mezani na tableti, zinawafundisha maneno ya Kiingereza. Wakishakunywa uji wanabadilishana. Nami nikapewa kazi ya kuketi na wale wa mezani, uji ukishaiva.

"Angalia tu wasizivunje, mama," mwalimu aliniambia. "Wakikosea, wacha wakosee."

Nilijibu sawa. Nadhani nilimaanisha.

Ndani ya tableti kuna tumbili anapanda mti. Sauti inataja kitu, mtoto anagusa picha yake. Akipata, tumbili anapanda tawi moja. Akikosa, tumbili anaanguka kwenye matope na kulia kama mbuzi, na darasa zima linasikia. Watoto wa meza nzima wanapiga kelele, "Ameanguka! Wako ameanguka!"

Kulikuwa na msichana mmoja ambaye wazazi wake wanauza misumari na mabati hapo sentani, penye maduka. Kwao ni Kikuyu kitupu, kama kwetu wakati wazazi wangu walipohamia huku. Kipsigis hajui, Kiingereza hajui. Siku ya kwanza aligusa picha ya kwanza, tumbili akaanguka, na mwenzake wa kando akamwambia, "Wako amelewa!" Msichana akaingia chini ya meza. Hata uji wake aliunywea huko.

Sasa, kule shambani tulikuwa na desturi. Ukiona mwenzako amebaki nyuma kwenye mstari wake, labda ni mgeni au ana mtoto mgonjwa, unapopita unamtupia konzi mbili za majani kwenye kikapu chake, asiaibike mbele ya mizani. Hamsemi kitu. Mimi nilitupiwa nikiwa mgeni, nami nikatupia wengine. Hakuna aliyeniambia kwamba ni wizi. Basi kesho yake nikaketi karibu na yule mtoto, nikamnong'oneza kwa Kikuyu sauti ilikuwa inataka nini, nikashika kidole chake na kukipeleka kwenye picha. Mengine sikuyajua hata mimi, nikabahatisha, na tukapata. Tumbili akapanda. Tukaendelea hivyo karibu muhula mzima.

Lazima niseme na hili, ingawa silipendi. Kulikuwa na watoto wengine ambao tumbili wao walianguka kila siku, watoto wa Kipsigis, na Kipsigis nakijua tangu utotoni. Vidole vyao sikuvishika. Nilijiambia wao wana mwalimu mkekani wa kuwaeleza kwa lugha yao. Ni kweli, wanaye. Sijui kama ndiyo sababu.

Muhula ulipokaribia kuisha, mwalimu alinionyesha matokeo yaliyotoka kwenye tableti, uso wake unang'aa. "Mama, unaona huyu? Ndiye wa kwanza! Na mkekani alivyo mpole, nilidhani hashiki kitu. Huyu anaingia PP2 Januari."

Mamake akaja na mkate mzima kunishukuru kwa kumtunzia mtoto. Nikaupokea.

Siku mbili nikanyamaza. PP2 hawana mkeka. Huko wanasoma na kuandika, na mtoto yule angekaa mwaka mzima kama mtu aliyeingia kanisa lisilo lake. Lakini nikisema, ninamvunjia jina. Nisiposema, je? Siku ya tatu nilimfuata mwalimu nikiwa bado na mwiko mkononi.

"Mwalimu, yule tumbili nilimpandisha mimi."

"Wa nani?"

"Wa yule msichana."

"Wa watoto wangapi, mama?"

"Yeye peke yake."

Aliniangalia. "Kwa nini yeye peke yake?"

Nikaanza habari ya mistari na vikapu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, halafu akasema, "Mama, hapa hatuchumi chai." Hakunikaripia. Afadhali angenikaripia.

Akaamua mtoto afanye tena, peke yake, mimi nikiwa nje. Nilisimama dirishani. Tumbili akaanguka. Mtoto akashtuka, akageuka kunitafuta. Mwalimu akamwambia endelea. Tumbili akaanguka tena, akalia kama mbuzi, na yule mtoto akacheka. Akacheka sana, mpaka akashika tumbo. Tangu ile siku ya kwanza nilikuwa sijamwacha amwone wake akianguka. Ikawa sasa anagusa na kusubiri kilio. Picha ya ng'ombe ninajua anaijua, nilimsikia akiitaja kwa Kiingereza akiwa uani, lakini akagusa ndoo.

Mwalimu akatoka nje amechoka. "Sasa hii ni nini? Hajui, ama anacheza?"

"Sijui, mwalimu."

"Wewe umekaa naye muhula mzima. Aende au abaki?"

Kuniuliza mimi! Nilisema abaki. Sijui kama nilisema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyofaa, au kwa sababu nilitaka nionekane sipendelei watu wa kwetu. Mwalimu akaandika abaki.

Januari wenzake wakahamia PP2, yeye akabaki PP1 na watoto wapya. Sasa anakaa mkekani mbele kabisa na anajibu kwa Kipsigis, hata akikosea anajibu. Hilo ni zuri, siwezi kulikana. Ila wale aliowazoea, wakati wa mapumziko hawachezi naye tena. Wanamwita mtoto wa PP1.

Mamake alinikuta langoni nikibeba kuni. Hakupandisha sauti. "Shosho," aliniambia, yaani bibi, "mtoto wangu alikuwa wa kwanza. Wewe ulikuwa unapungukiwa na nini?"

Nilitua zile kuni ili nimjibu vizuri. Nilipoinuka alikuwa bado amesimama, ananingojea.