Kaitwa paka wangu, kaitika jirani

Jamani, msimpe paka jina la jirani.

Leo bwana mifugo kaja tawini kwetu Ng'ambo, kuwachanja paka wasije wakapata kichaa cha mbwa.
Nikamtia wangu kwenye pakacha, nikenda.
Kila paka kaandikiwa kadi yenye jina lake.

Tumekaa foleni, bwana mifugo akasoma:
"Mize!"
"Abee!"

Aliyeitika ni Bi Mize, jirani yangu, yuko nyuma yangu na paka wake.
(Nilimpa paka jina hilo kwa kuwa wote wawili hawabanduki dirishani kwangu.)

"Nnamwita paka, bibi."
Nikanyanyua pakacha. Sikugeuka. Nyinyi mngegeuka?

Sindano ikapita salama. Ikasomwa kadi ya pili:
"Salma!"

Jina langu hilo. Nikafungua kinywa niitike.
Bi Mize akanipita na pakacha lake.