Mapovu Kwenye Breki, Kahawa Kwenye Matope

Nakiri mapema ili mnicheke yaishe: nilitoa upepo kwenye breki ya nyuma ya pikipiki peke yangu, kazi ya watu wawili, kisa nilitaka kuonekana fundi. Mmoja anakanyaga pedali na kuishikilia, mwingine anafungua nati, mafuta yanatoka na mapovu yake, nati inafungwa, ndipo mguu unaachia (hata mtoto wa chekechea angeelewa). Mama alitoka ndani, pasi mkononi, akauliza kama aje anikanyagie, nami nikamjibu kwamba kazi za breki hazitaki vitenge. Nikakandamiza pedali kwa mkono, nikafungua nati, nikaachia kabla sijafunga, breki ikavuta upepo mwingi kuliko niliotoa. Pedali ikawa laini kama ndizi iliyoiva ikasahaulika. Nikamwambia mama iko safi.

Na siku yenyewe mimi na mama tulikuwa tunatoka Rwamishenye kwenda Muleba kumposea kaka yangu, ambaye alishatuonya kwamba kwa akina binti hawataki watu wa mchezo, wakituona wahuni basi tena. Barabarani nilikwenda polepole, nikikanyaga mara tatu nne inashika kidogo, nikajisifu moyoni. Balaa lilikuwa kwenye mteremko wa kuingia kwao, katikati ya migomba, udongo ungali na utelezi wa mvua ya alfajiri, na breki ya mbele naiogopa. Wakwe wamejipanga mlangoni. Nikakanyaga, mguu ukazama. Tukawapita. Mama, huko nyuma yangu, akawapungia mkono kwa heshima zote, nikamsikia bibi wa binti akiuliza, "Waitu, jamani, mbona wanapita?"

Tulisimama juu ya kahawa yao iliyoanikwa kwenye mkeka, nusu yake ikiwa tayari matopeni. Mama alishuka. Alipiga magoti na kitenge chake kipya (kile alichokipiga pasi asubuhi), akaanza kuokota punje moja moja. Bibi akaja akapiga magoti mbele yake, wakaokota wakicheka, na kabla hawajamaliza bibi akasema, "Kama mama mkwe ndiye huyu, mjukuu wangu aende. Ila dereva asimsogelee."

Sitaigusa tena nati ile peke yangu, naapa. Jioni, wakati wa kurudi, nilikuwa nimejibanza nyuma ya pikipiki nikijifanya nafuta matope, mama akaja, akakunja kitenge, akapanda, akaweka mguu kwenye pedali.

"Lete spana," akasema. "Hata marehemu baba yako alijifunza kutoa upepo kwa mguu huu huu."