Nilimwambia Mama Awe Bubu

Mwenzangu unayesoma, kosa ni langu. Sitaki kusikia mtu akinifariji kwamba ilikuwa vita. Vita ilikuwapo, ndiyo, lakini si vita iliyomwambia mama yangu afunge mdomo. Ni mimi niliyemwambia, kwa sauti yangu hii hii, tena kwa ukali!

Mume wangu hajui. Watoto wangu hawajui. Nakuambia wewe kwa sababu hunijui, wala hatutakutana sokoni ukaniangalia vibaya.

Wakati ule nilikuwa msichana. Nilikuwa mpishi katika nyumba moja ya wazungu kule Kinindo, na nilipanga chumba Nyakabiga. Mitaa ya Bujumbura ilikuwa imeshagawanyika, huu wa hawa, ule wa wale. Ukikosea njia, umekwisha. Marehemu baba yangu alikuwa wa kabila moja, na mama wa lile jingine. Makabila yenyewe sitayataja. Mrundi ameshanielewa, na asiye Mrundi hapotezi kitu.

Kwetu mtoto ni wa baba. Kwa hiyo pale Nyakabiga nilikuwa mtu wao, nasalimiwa, nakopeshwa chumvi. Habari za upande wa mama hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa na kiherehere cha kuzieleza.

Basi siku moja narudi kazini, namkuta mama amekaa mlangoni kwangu! Alikuwa ameomba lifti kwenye lori la kabeji kutoka kwetu mlimani, na kikapu cha maharage kiko miguuni pake. Mji ulikuwa umetulia kidogo wiki zile, na habari hiyo ilikuwa imefika hadi kwao.

"Nimekuja kuona ziwa," akasema. Hata maji hajanywa.

Baba kabla ya kumwoa alibeba mizigo bandarini, na miaka yote ya ndoa yao alimsimulia: ziwa lisilo na mwisho, meli, maduka ya vioo, kanisa kubwa. Halafu kulikuwa na kaburi la mwana wa mfalme, yule aliyetutafutia uhuru akauawa. Mama alimwona kwa macho yake alipokuwa binti, siku alipopita katika soko la kwao. Alikuwa haachi kuisimulia siku ile.

"Wewe unaishi hapa, umeshayachoka," akaniambia. "Mimi nife nimeona migomba tu?"

Nilifurahi, jamani, nisikufiche. Nilimkumbatia hadi kilemba kikaanguka. Lakini hapo hapo nikachungulia nje kama kuna aliyetuona.

Mama yangu alikuwa mtu wa salamu. Nyinyi mliokulia mlimani mnazijua zile salamu zetu. Humpiti mtu. Unasimama, unamshika mikono yote miwili, unamtakia amani, unamuuliza yeye ni wa nani na kwao ni kilima gani. Kisha na wewe unajitaja: baba yako fulani, babu yako fulani, kilima chenu fulani. Ndiyo adabu. Kwa mama, kumpita mtu kimya ni tabia ya ng'ombe. Sasa mtu wa namna hiyo umtembeze Bujumbura ya miaka ile! Angetaja baba yake na kilima chake mara moja tu, na mtaa mzima ungejua yeye ni nani, na mimi nimezaliwa na nani.

Nikamwambia, "Mama, hapa mjini utakuwa bubu. Husemi na mtu yeyote mpaka mimi nikwambie."

Akacheka. "Bubu! Mimi? Si nitapasuka?"

"Wakikujua wataniua, mama."

Akaacha kucheka. Akaniangalia sana, akasema, "Haya. Nitakuwa bubu."

Ningeishia hapo, labda ningesameheka. Lakini mama mwenye nyumba akaingia kumwona mgeni. Alikuwa mjane, mtu mwema, ila mwema wa upande wao, ndivyo nilivyomhesabu.

"Karibu, mama! Huyu mama ni nani yako?"

"Ni shangazi," nikajibu. "Dada ya baba. Alizaliwa bubu."

Mama alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, anasikia. Nilimwita mama yangu shangazi mbele ya uso wake! Akatabasamu na kumpa mama mwenye nyumba mikono yote miwili, bila neno.

Jumamosi tukatoka. Alivaa kitenge chake kizuri, kile cha harusini na kanisani. Nilimwonyesha kanisa kubwa, akapiga magoti hadi nikachoka kumsubiri. Nilimwonyesha posta ya zamani waliyoiacha Wajerumani, akagusa ukuta wake kama anapima ng'ombe wa kununua. Mbele ya maduka ya vioo alijiona mwili mzima kwa mara ya kwanza, akaziba mdomo kwa mkono ili asicheke. Kila kitu kilichompendeza alikuwa ananifinya mkono. Jioni ile nilikuwa na alama.

Tukapanda kule juu kwenye kaburi la mwana wa mfalme. Pale ukigeuka unaona mji wote chini, ziwa lote, na milima ya Kongo ng'ambo. Kulikuwa na mzee anayefagia ngazi. Akamwona mama anavyofuta machozi, akamsogelea.

"Mama, nawe ulimwonaka?" akamuuliza. "Mi nilimwona. Nilikuwa kijana."

Mama akageuka kwangu. Yale macho, mwenzangu, yale macho yalikuwa yananiomba ruhusa! Maneno yalikuwa yamemjaa hadi kwenye meno. Ni hadithi moja tu ya soko la kwao, na mzee mmoja tu wa kufagia.

Nikasema, "Hasikii, baba. Ni bubu." Nikamvuta.

Tukashuka hadi ziwani. Alivua viatu akaingia na kitenge chake, maji yakamfika magotini, akanawa uso. Na hapo akasahau. Akapiga kelele ya furaha, akamwita baba kwa jina kana kwamba yuko ng'ambo anamsikia, akamwambia, "Nimeliona!"

Kulikuwa na vijana wamekaa karibu, wakageuka. Nilimrukia. Nilimkamata mkono na kumtoa majini kama mtu anayemtoa mbuzi shambani.

"Unataka kuniua?" nikamwambia kwa sauti ya chini lakini ya ukali. "Ndiyo ulichokuja kufanya? Nimekwambia usiseme! Hata kama unakufa, usiseme!"

Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwa mama yangu. Ningepewa nafasi ya kuyameza ningeyameza na mawe.

Alivaa viatu vyake taratibu, akanifuata. Vijana wenyewe walikuwa wameshaendelea na mazungumzo yao, hawakuwa na habari na sisi.

Tulipita karibu na soko kuu turudi nyumbani. Mimi natangulia, nimenuna, yeye nyuma. Kisha guruneti ikalipuka. Watu wakaja kama maji, sikuona tena kitenge chake, sikuona chochote. Nilikimbia. Nilikuwa najiambia yuko nyuma yangu, yuko nyuma yangu, hadi nikafika Nyakabiga na kugeuka. Hakuwapo!

Askari wakafunga njia. Kesho yake mji ukawa umekufa, hakuna kutoka, milio kila upande. Redio ilikuwa inatangaza waliopotea. Mama mwenye nyumba akaniambia, "Peleka jina ya shangazi yako kwa redio." Unafikiri nilipeleka? Ningetoa jina gani, na kilima gani? Nilimwambia nitamtafuta mwenyewe, nikajifungia chumbani.

Njia zilipofunguliwa nilianza kuzunguka, na mama mwenye nyumba akakataa kuniacha peke yangu. Tuliuliza hospitalini, tukauliza makanisani. Mwisho tukafika Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako watu wa kila aina walikuwa wanakimbilia kwa kuwa pale hakuna aliyekuuliza kilima chenu. Pale kuna mwanamke wa Uvira, kule Kongo, aliyekimbia vita ya kwao, anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Jina lake Mama Furaha. Nilipotaja bibi bubu mwenye kitenge cha kijani, aliweka chini ungo wake.

"We ni nani yake?" akauliza.

"Mtoto wa kaka yake," nikasema. Mama mwenye nyumba yuko pembeni yangu.

Akatuingiza ndani, akatukalisha. Akaanza kueleza taratibu, kama mtu anayeogopa kumwaga.

"Batu balimuleta na ile mbio. Nilimupa uji, akakunywa kidogo. Nilimuuliza, mama, unaumia wapi? Kimya. Nikamuuliza na Kirundi. Kimya. Asubui nikaona damu kwa kitenge. Kile kipande cha chuma kilimuingia hapa, mu mbavu, na yeye aliikaza na nguo juu. Hakulia, hakuguna hata! Muganga anakaa nyumba ya tatu hapa, lakini ile asubui risasi zilikuwa zinapita mu barabara. Angesema ile siku ya kwanza, tungemuita."

Nikainuka, akaniashiria nikae.

"Lakini haikukuwa bubu," Mama Furaha akasema. "Apana. Homa ilipanda akaanza kusema mu usingizi. Alipoamuka nikamwambia, mama, kumbe unasema, niambie jina tuite watu wako. Akafunga mudomo na mukono. Akatikisa kichwa. Nikamubembeleza sana. Mwisho akasema neno moja tu: 'Nikisema, watamwua mtoto wangu.' Basi. Alikufa mbele ya saa sita."

Mwenzangu, alikuwa mahali pa salama kuliko pote mjini! Alikuwa na mwanamke anayemuuguza, na mganga nyumba ya tatu. Neno moja tu siku ile ya kwanza lingemwokoa. Nami nilimwambia hata kama anakufa asiseme, na yeye akatii kama mtoto.

Unadhani nimemaliza? Ungamo lenyewe ndiyo kwanza linaanza.

Majirani wa Buyenzi, Waislamu kwa Wakristo, walikuwa wamemzika kwa heshima. Walimkuta na rozari shingoni, wakamwita katekista amwombee. Huyo katekista akatupeleka kaburini. Msalaba wa mbao haukuwa na maandishi. Alikuwa amekuja na kopo la rangi na brashi.

"Tuandike jina gani?" akauliza. "Na wewe ni nani kwake?"

Mama mwenye nyumba, aliyesikia yote kwa Mama Furaha asiniulize kitu, alikuwa amesimama nami, amenishika bega. Hakuna aliyenishikia panga. Hakuna hata askari karibu. Nikafungua mdomo, na likatoka jina la shangazi yangu, dada ya baba, aliyekufa zamani mimi mdogo. Katekista akaliandika vizuri, herufi kubwa. Nilisimama pale naliangalia linakauka.

Na kuganduka kukafanywa. Mnajua kwetu kuganduka ni nini: watu wanakusanyika kuondoa matanga, pombe inaletwa, na mtoto anasimama mbele ya wote kumtaja mzazi wake na kumshukuru. Ilifanywa uani kwa mama mwenye nyumba, majirani wa Nyakabiga walichanga, walikuwa wema kwangu. Nilisimama nikawashukuru kwa kunisaidia kumlilia shangazi. Mama yangu mwenyewe sijaganduka hadi leo. Ndugu zake walikuwa wamekimbilia kambi za Tanzania, hakukuwa na wa kuniuliza.

Vita ilipokwisha nilikuwa nimeshaolewa. Nikaenda kumsalimia mama mwenye nyumba, amezeeka, miguu imevimba. Tukanywa chai. Katikati ya maneno mengine kabisa akaniambia, "Ule hakukuwa shangazi yako."

Nikaweka kikombe chini.

"Nilijuaka tangu siku ya kwanza. Shangazi haangaliake mutu vile alikuwa anakuangalia."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mwanangu? Na mi nilikuwa naogopa. Mama yangu na yeye alikuwa wa upande wa mama yako. Nilikuwa nangoja we useme, nami niseme ya kwangu."

Tulilia, wanawake wawili wajinga, chai ikapoa. Tulikaa ukuta mmoja miaka ile yote, kila mtu amemficha mama yake, kila mtu anamwogopa mwenzake! Kaburini alinishika bega akingoja niseme kweli. Mimi nikadhani ananichunga.

Nilikwenda kuutafuta ule msalaba niufute. Mchwa walikuwa wameula, na makaburi mengine yamejengwa juu ya yale ya zamani. Nilizunguka nikasoma majina ya watu. Sikujua nisimame wapi.

Kijana unayesoma, kama una mzazi unayemwonea haya, au unayemwogopea, kwa lugha yake, kwa kabila lake, kwa kilemba chake, nakuomba: mtafutie pa kujificha kama ni lazima, jificheni pamoja, lakini usimwite jina lisilo lake. Ukianza, hutajua pa kuachia. Mimi nilidhani ni uongo wa wiki moja. Tazama, nimekuandikia yote haya, na jina la mama yangu nimeshindwa kuliandika, naogopa watu watanijua. Hata leo nimemfunga mdomo.