Ufunguo Ulioenda Semina

Kila muuguzi wa wodi ya watoto alikuwa na namna yake ya kubeba vifo. Irene alikunja mashuka yaliyokwisha kukunjwa. Mikaeli aliwatania wazazi mpaka wakacheka, kisha akajifungia chooni. Felista, aliyeletwa Mtwara kutoka Mbinga afanye kazi miaka miwili na sasa alikuwa ametimiza kumi na tisa, alikasirika. Hasira ilimtosha, hakuwahi kuomba likizo ya msongo wa mawazo.

Jumanne hiyo alikuwa na Yolanda wa Msimbati, miaka sita, mwenye uvimbe tumboni ambao madaktari walikwisha acha kuutibu. Kilichobaki ni kumtuliza maumivu kwa mofini ya maji. Saa tatu asubuhi chupa ya wodi iliisha. Nyingine zilikuwa kwenye kabati la famasi, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mfamasia Gideoni, na Gideoni alikuwa hotelini Shangani, hapo hapo mjini, kwenye semina ya siku tatu kuhusu kuwahudumia watoto walio katika hatua za mwisho.

Felista alimpigia mara saba. Washiriki walikuwa wameombwa wazime simu ili watulie.

Yolanda hakulia, nguvu za kulia zilikwisha. Aling'ata upindo wa kanga ya bibi yake. Bibi Madalena aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliochoma:

"Sista, hiyo dawa sisi wa huku tumekatazwa?"

"Hamjakatazwa, bibi. Imefungiwa."

Alimwachia Irene wodi, akapanda bodaboda na sare yake. Ukumbini alikuta watu thelathini wamefumba macho, mwezeshaji akiwaambia wavute pumzi na kuyaachilia yale wasiyoweza kuyabadilisha. Felista alipita katikati ya viti mpaka kwa Gideoni, akanyoosha mkono.

Gideoni alinong'ona kwamba utaratibu unataka mwenyewe awepo, tena asaini.

"Basi simama, baba. Mtoto hasubiri chai yenu."

Mwezeshaji alimkaribisha akae, awaeleze wenzake anavyojisikia.

"Nina hasira," Felista alisema, "na bado naihitaji."

Walirudi mshikaki, watu watatu kwenye bodaboda moja, mfamasia kabanwa katikati na kitambulisho cha semina shingoni. Yolanda alipewa dawa kabla ya saa sita. Baada ya nusu saa meno yaliachia kanga, akalala. Alifariki Alhamisi, usingizini, bila kuumia.

Ijumaa Felista alitakiwa kujieleza kwa maandishi kwa nini alivuruga semina ambayo hakualikwa. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba alikuwa kazini. Nakala akaibandika kwenye mlango wa famasi.