Shaba Inabakia Mundani

Shuleni Bukavu, Kongo, walinifundisha kwamba risasi ni madini laini, mazito, ya kijivu. Tuliporudi Rwanda baada ya mauaji (wazazi waliita kurudi, ingawa mimi sikuwahi kufika), nikakuta kila mtu Gihundwe, mtaani petu papya mpakani, anasema risasi na hakuna anayemaanisha madini. Sijui nani alituonea hivyo, vitu viwili kuvipa jina moja.

Mama aliuza chai mlangoni petu. Kaka yangu, mwanawe wa kiume wa pekee, alikuwa askari ng'ambo, Kongo, na habari zake zilikuwa zimekatika. Kila askari aliyevuka kurudi, mama alimuuliza. Asubuhi moja wakaja wawili wa kikosi chake, wana bunduki tatu. Kabla mama hajafungua kinywa, mmoja aliyekuwa akichechemea akasema, "Maman, tupatie mayi ya moto. Yenye kuchemka kabisa."

Mama akachemsha sufuria nzima. Nilidhani wanataka kuoga. Kumbe walikaa uani, wakafungua bunduki moja na kuyamimina maji mtutuni. Eti fataki, ile inayowasha baruti ya risasi, huacha chumvi, na chumvi dawa yake maji. Masizi yakatoka meusi. Kisha wakasukuma kitambaa chenye dawa inayonuka kama mkojo uliolala. Kikatoka kijani. Cha pili, kijani vilevile.

"Shaba inabakia mundani," yule mchechemeaji akamwambia mwenzake. "Haitake kutoka."

"Iko Shaba!" mama akapiga kelele. "Mutoto wangu iko Shaba!"

Redio ilikuwa imeanza kusema Katanga, lakini kwa mama jimbo lile lilibaki Shaba, na dada yake aliolewa huko. Na katika Kiswahili chetu cha Kivu, mtu na kitu vyote "iko", vyote "inabakia". Alinikumbatia huku akicheka. Nikacheka naye, bila kuelewa lolote.

Yule mchechemeaji akatoa risasi moja mfukoni, akaanza kumweleza polepole. Ndani ni risasi, yale madini. Ingekuwa tupu ingejipaka mtutuni kama siagi. Ndiyo maana inavishwa koti. Nyingine koti lake ni chuma kilichopakwa shaba kidogo, hizo haziachi nyingi. Hizi zao ni koti la shaba. Ukipiga moja moja, si neno. Ukipiga mfululizo hadi mtutu uwake, na huna nafasi ya kuusafisha, shaba inang'ang'ania humo.

Risasi ndani ya risasi, shaba isiyo Shaba! Nilimkasirikia. Tulitaka habari za kaka, yeye anatuletea somo la madini. Mara mbili alifika mwisho wa maelezo, na mara mbili akayaanza upya.

Mama, ambaye hakuvumilia hata sufuria yenye masizi, alishika jambo moja tu. Akamkaripia kama mwanawe.

"Sasa weye, juu ya nini ulireka bunduki yako ichafuke hivi?"

Askari akaweka kitambaa chini.

"Hii haiko yangu, Maman. Ni ya mutoto wako. Tunaenda kuirudisha kambini."

Mama aliitazama bunduki, halafu sufuria yake iliyokwisha maji.

"Nichemshe ingine?" akauliza.