Disketi ya Bure na Wimbo wa Ndiva

Nakumbuka siku ile gari lenye spika mbili juu ya paa lilipoingia Same siku ya gulio, likapiga muziki mpaka kuku waliofungwa miguu wakaanza kupigapiga mabawa. Ilikuwa enzi ya ruksa, mwanangu. Wewe uliyezaliwa ukakuta maduka yamejaa, huwezi kuujua utamu wa neno "bure" masikioni mwa mtu aliyewahi kupanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya mche wa sabuni, akafika dirishani akaambiwa imekwisha. Tuliishi hivyo miaka mingi. Tulijifunza kutotupa kitu: kopo la mafuta likawa kikombe, gunia likawa tandiko, dumu la dawa likasuguliwa kwa mchanga likawa la kuchotea maji. Basi biashara ilipofunguliwa, wafanyabiashara wakaanza kutoka Dar es Salaam kuja kugawa kofia na kalenda, na sisi tukazipokea kwa mikono miwili.

Wakati huo nilikuwa binti, nimetoka kusomea uhazili, nimeajiriwa kuchapa katika ofisi ya usharika mmoja pale mjini. Ofisi ilikuwa na kompyuta moja, msaada wa marafiki wa ng'ambo, nayo tuliifunika kitambaa cha kufuma kama ilivyokuwa desturi kwa redio. Mwenzangu ofisini alikuwa karani, kijana wa Bombo, huko milimani, aitwaye Elineema, mcheshi, mwenye mikono isiyotulia. Usimcheke sana. Ndiye huyu mume wangu anayemenya viazi hapo uani ninapoandika haya, na amenipa ruhusa ya kumsema.

Kiangazi kile chote tulikuwa na kazi moja niliyoipenda kuliko zote. Mzee Mbonea, mwinjilisti mstaafu kutoka Bombo, alikuwa akishuka kwa lori la mizigo kila siku ya gulio, anakaa kwenye kiti cha mbao karibu yangu, ananiimbia nyimbo za zamani za Chasu, lugha yetu ya mlimani, nami nachapa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mbali na uinjilisti alikuwa mlinzi wa ndiva, yaani lile bwawa la kienyeji linalokusanya maji ya kijito usiku kucha, ili asubuhi yafunguliwe yaende mashambani kwa zamu. Alijua wimbo wa kuwaita watu kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji, wimbo wa kubeba mawe, na wimbo wa kumsema mvivu, ambao aliuimba akimwelekea Elineema.

Wimbo mmoja alichelewa sana kunipa. Ulikuwa wa kuyafungulia maji kwa mara ya kwanza baada ya ndiva kusafishwa. Aliyeuongoza alikuwa mama yake mzazi, wanawake wengine wakiitikia. Dada zake Mzee waliokuwa wakiujua walikwisha kutangulia mbele za haki.

"Huu siku hizi unanichungulia tu," aliniambia. "Nikiufuata, unajificha. Andika leo, mwanangu, kesho sina uhakika nayo."

Nikauandika, beti zote nne, akanisahihisha kila neno. Alipomaliza alifuta uso kwa kiganja. Mimi nilijiona kama niliyekabidhiwa mtoto mchanga. Nilitaka kuchapisha karatasini palepale, lakini utepe wa printa ulikuwa umekwisha, na mwingine ulikuwa umeagizwa Moshi pamoja na disketi tupu. Disketi ni kile kibapa cha plastiki tulichohifadhia kazi, ndiye bibi yake flashi yenu ya leo. Mzee naye alitaka nakala yake. "Mbegu haiwekwi nyumba moja," alisema. "Nipeni changu nipande nacho mlimani."

Ndipo lile gari likaja. Elineema alitoka mara moja kwenda kutazama, akarudi na kofia mpya kichwani na disketi ya bluu mkononi. Walikuwa wakiwagawia watu wa maofisini, kuwatangazia kompyuta zao.

"Hiyo ina nini ndani?" nikamuuliza.

"Matangazo yao na mchezo. Nitafuta vyote, ibaki tupu."

"Tungoje za Moshi, Elineema."

"Dada Nakijwa, lori la Mzee linaondoka sasa hivi. Ya bure iko hapa, wewe unangojea ya kununua?"

Kwa kweli hata mimi niliona ana akili. Mtu aliyelelewa kusugua dumu kwa mchanga anaamini kila chombo husafishika. Akaitia kwenye mashine, akafuta kila kilichoonekana, akaanza kunakili nyimbo. Katikati ya kazi umeme ukakatika, kama kawaida yake. Uliporudi niliwasha mashine, disketi ikiwa bado imo mdomoni mwake. Tukamaliza kunakili, nikaifunga kwenye leso safi, Mzee akaitia mfukoni akatubariki. Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema, na sisi siku ile tuliharakisha hata baraka yenyewe.

Wiki zikapita, mashine ikifanya kazi vizuri tu. Ukweli ni kwamba huko Moshi utepe haukuwepo, na sisi hatukuwa na wasiwasi. Asubuhi moja nikaondoa kitambaa, nikawasha, kioo kikabaki cheusi na maandishi machache yasiyoeleweka. Nikazima nikawasha tena. Elineema akaipigapiga ubavuni kama tulivyofanya kwa redio. Hapakuwa na kitu.

Fundi aliyeitwa kutoka Moshi alikuwa mtu wa maneno machache. Aliichungulia kutwa nzima, kisha akasema, "Mna kirusi. Kiliingia zamani, kikakaa kimya kikingoja siku yake. Mliweka disketi ya nje?"

"Moja," Elineema akasema, "lakini nilifuta vyote."

"Ulifuta ulivyoviona. Chenyewe hakikai huko. Kinakaa pale mashine inaposoma kwanza inapoamka, na bila shaka ninyi mliiamsha disketi ikiwa ndani."

Sidhani wale wa gari walikusudia kutudhuru, nami siwahukumu. Huenda wao wenyewe walikuwa wagonjwa bila kujijua. Lakini mgonjwa asiyejijua naye huambukiza. Kila kitu kilichokuwa ndani ya mashine kilikuwa kimekwenda, nyimbo za Mzee zikiwemo. Kikulacho ki nguoni mwako. Chetu kilikuwa ndani ya zawadi. Niliingia stoo nikalia, na sioni haya kukuambia.

Tumaini letu likawa ile nakala ya mlimani. Fundi alisema maandishi yake yanaweza kuokolewa, mradi iletwe kwake kwanza. Tukapanda lori mpaka Maore, chini ya mlima, kutoka hapo tukapanda kwa miguu hadi Bombo, Elineema asifanye mzaha hata mmoja njia nzima, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo.

Tulimkuta Mzee jikoni, kando ya meko, makande yakichemka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Sauti zenu zimechoka. Kaeni."

Elineema alieleza yote bila kujificha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akageukia ilikotoka sauti yake.

"Elineema, ulipokuwa mtoto nilikufukuza ndivani. Unakumbuka kwa nini?"

"Nilikuja na dumu, Mzee. Lile tulilopewa bure kule mashamba ya mkonge."

"Lilikuwa chafu?"

"Hapana. Mama alikuwa amelisugua."

"Basi nilikuonea?"

Elineema akainama. "Ulisema hujui lilibeba nini kabla ya kufika kwetu."

"Nami sikujua. Huenda lilibeba asali. Lakini maji yale yananywewa na kijiji kizima, siwezi kuyajaribia dumu la mtu. Ndiyo maana ndivani pana kibuyu chake, na kila mgeni, hata awe askofu, huchotewa kwa kibuyu kile. Sasa wewe uliyerudishwa ukilia, umekwenda kulichovya dumu lilelile."

Hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu angepandisha.

Kisha akasimama, akatabasamu. "Lakini mimi mbegu yangu ninayo. Niliiweka mahali ambapo mdudu hafiki." Akanyoosha mkono juu ya meko, kwenye uchaga, pale wanapohifadhi mahindi ya mbegu ili moshi uyalinde na fukusi. Akapapasa kati ya mahindi, akaitoa ile leso, nyeusi tii kwa masizi, akanipa.

Mwanangu, niliifungua. Disketi ilikuwa imepinda kwa joto kama gome kavu, na masizi yameingia hadi ndani.

Mzee akangoja, kisha akanyoosha mkono akaishika mwenyewe. Akaipapasa kingo zilizopinda, taratibu, mara mbili. Akaelewa. Aliketi chini. Halafu akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha.

"Basi na mimi nirudishwe kutoka ndivani," akasema. "Wewe umekiosha kama dumu, mimi nimekikausha kama mbegu. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwanza kitu hiki ni kitu gani."

Tangu siku ile sijasikia maneno yaliyonikaa zaidi. Nimeyapima kwa miaka mingi na bado ni mazito.

Tulibaki Bombo siku kadhaa, mimi na kalamu. Mzee aliimba upya, na nyimbo nyingi zilirudi. Ule wa mama yake aliuacha mwisho. Beti mbili za kwanza zikaja. Wa tatu akauanza, akasimama. Akauanza tena. Alikwenda mpaka mlangoni kama mtu anayemtazamia mgeni, akarudi, akatikisa kichwa. Na mimi niliyeuchapa kwa vidole vyangu mwenyewe nilijaribu kuukumbuka, sikupata hata neno moja, maana nilikuwa nimeiachia mashine inikumbukie. Maji yakimwagika hayazoleki. Akaimba ubeti wa nne, tukafunga daftari. Masika yaliyofuata tulimzika.

Nimeyaandika haya kwa sababu juzi mjukuu wangu Upendo alirudi kutoka maonyesho ya wakulima na mfuko wa zawadi, ndani yake flashi yenye umbo la hindi na pawabanki yenye nembo ya kampuni. Akataka kuchomeka ile flashi kwenye kompyuta ya kikundi chetu cha wakulima wa tangawizi. Nikamshika mkono. "Bibi," akasema, "mbona ni mpya kabisa, haina kitu ndani." Babu yake aliyekuwa karibu, ambaye hadi leo hapiti hema la zawadi bila kusimama, akaitwaa ile flashi akaiweka juu ya kabati.

Sikuambii uwe mchoyo wa kupokea, mwanangu. Mtu akikupa kofia, vaa. Lakini kifaa chenye akili ndani yake si kofia. Upya wake haukuambii kimetoka mikononi mwa nani, na kufuta unachokiona si kukisafisha, kwa kuwa ubaya wake unaweza kukaa mahali ambapo jicho lako halifiki. Hata pawabanki, hata waya wa kuchajia, huenda ukazungumza na simu yako wakati wewe unadhani unaipa moto tu. Usikichomeke kwenye mashine inayobeba kazi ya watu wengine. Mpelekee kwanza anayejua, na kama hayupo, kiache. Kuuliza si ujinga. Kazi yako ya thamani iwe na nakala, na ujifunze namna ya kuitunza hiyo nakala kwa desturi ya kitu chenyewe, siyo kwa desturi ya kitu kingine ulichokizoea. Maana mjuzi wa jambo moja ni mgeni katika jingine, na mgeni huchotewa maji kwa kibuyu cha wenyeji. Na yale unayoyapenda kabisa, usiyaachie mashine peke yake. Yaweke na kifuani.

Ukipanda Bombo siku ya kusafisha ndiva utawasikia wanawake wakiuimba wimbo ule. Niliwafundisha mimi. Beti mbili za kwanza wanaziimba kwa nguvu, maji yakianza kutoka. Wakifika ubeti wa tatu wanapiga makofi tu, kwa kadiri ya urefu wake, kisha wanaendelea na wa nne. Watoto wadogo wanadhani ndivyo wimbo ulivyotungwa.

Mungu akupe macho ya kuona na ulimi wa kuuliza, mwanangu. Mkono wako upokee heri, na usichokijua usikivushe mlango wako. Akutunzie ulichoachiwa na waliokutangulia, ili siku wanao watakapokuomba uwaimbie, usiwapigie makofi mahali pa maneno.