Mfuko wa Samaki Kwenye Pipa la Plastiki

Leo nimeshtakiwa kwa kosa la kunukisha jengo.

Nilishuka kwenye chumba cha taka cha jengo letu hapa Jakobsberg, ughaibuni. Nikamkuta Lennart, mwenyekiti wa jengo letu, amesimama kando ya pipa la taka za plastiki kama askari kwenye kizuizi.

Gari la taka lilikuwa limekataa kulibeba. Mtu alitumbukiza humo mfuko wa mabaki ya chakula, na faini inalipwa na jengo zima.

"Samahani, Akinyi," akasema kwa upole ule unaokata kama wembe. "Ni harufu ya samaki. Labda ni wale wadogo wakavu mnaowala?"

Omena wangu! Jamani, omena wangu hawabaki hata mkia!

Majirani wawili walikuwa pale. Ghafla viatu vyao vikawa vya kupendeza mno kutazama.

Mimi ninayeosha hadi vikopo vya mtindi kabla ya kuvitupa, ndimi mchafu?

"Fungua tuone," nikamwambia.

Akafungua. Mungu wangu! Mabaki ya samaki waliovundishwa wa kopo, ule utamu wa wenyeji wa huku kila Agosti. Kwetu samaki akifika hapo, tunamzika.

Mara mkewe Birgitta akachungulia mlangoni. "Lennart, ule mfuko wa karamu ya jana umeutupa wapi?"

Mwenyekiti akaiva kama nyanya. "Kwa kweli," akanong'ona, "kutenganisha taka kunachanganya kidogo."

Nikamwelekeza, kwa upole. "Chakula ni pipa la kahawia, Lennart. Lina hata picha."

Wapendwa, nilimkosea heshima?